Uzito wa Upanga

Mwanadamu ana vipimo viwili. Kimoja ni mzani, na cha pili ni ulimi. Mzani hausemi mpaka uwekewe kitu. Ulimi husema hata pasipo kitu. Kuubeba mzani ni kazi, bali ulimi twatembea nao kila mahali, kwa hiyo mambo mengi ya dunia hupimwa kwa ulimi na machache hupimwa kwa mzani. Nami nilikuwa mmoja wa wapimaji wa ulimi, mpaka siku niliposahihishwa na mwanafunzi wangu katika jambo lililoonekana dogo, yaani uzito wa upanga wa askari mpanda farasi. Kisa hiki hakinipi sifa, msomaji mpenzi, lakini nakiandika kwa sababu kilinifunza neno ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu.

Makao yangu ni Kawangware, na shule ninayofundisha iko Kibera. Kila asubuhi hushuka kwa barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nikavuka barabara ya Ngong, nikapita Jamhuri na kuingia Kibera. Njiani hupita wafua chuma, wauza mboga, mafundi wa viatu, na watu waliopanga foleni kwenye mabomba na mitungi yao ya maji. Nimekwenda njia hiyo kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nilidhani kwamba mimi ndiye nipelekaye elimu Kibera. Sikudhani kwamba jioni ningeweza kurudi nayo.

Siku ya kisa hiki somo lilikuwa Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika Mashariki. Nililiandaa vyema. Niliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi walowezi walivyokusanyika Nairobi mwezi wa Agosti 1914, wakiwa na farasi na nyumbu wao, wakaunda kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Niliwaeleza jinsi baadhi yao walivyotengenezewa mikuki ya mianzi yenye vichwa vya chuma, jinsi kikosi hicho kilivyopigana Longido tarehe 3 Novemba 1914, na jinsi farasi wengi walivyoangamia katika vita vile kwa mbung'o na maradhi. Hayo yote yalikuwa kweli, na laiti ningalikomea hapo.

Lakini darasa lilikuwa kimya likinisikiliza, na masikio ya vijana hamsini ni ulevi kwa mwalimu. Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, na huko Ulaya wapanda farasi walipigana kwa nini?" Swali hilo sikuliandalia jibu. Ningeweza kusema nitalichungua. Badala yake nilikumbuka picha niliyopata kuiona utotoni, ya jitu juu ya farasi mweusi, nikasema, "Wapanda farasi wazito wa Ulaya walikuwa na panga za ajabu. Upanga mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 10." Darasa likashangaa, nami nikafurahi kushangaza.

Msichana mmoja akainua mkono. Alikuwa wa ukoo wa Kinubi, kwao ni Makina, na mazoea yake yalikuwa kusema machache. Akasema, "Samahani, mwalimu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20. Mimi huchota kila jioni. Nikichukua nusu ya mtungi, hiyo ni kilo 10, nayo hunilazimu kubadilisha mkono mara tatu toka bombani hadi mlangoni kwetu. Huyo askari aliwezaje kuinua kilo 10 kwa mkono mmoja na kuzungusha, na mkono wa pili umeshika hatamu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Lakini sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hutafuta kiboko. Kiboko changu kilikuwa maneno. Nilimwambia, "Watu wa kale hawakuwa dhaifu kama wewe. Keti." Darasa zima likacheka. Msichana akaketi, akainamisha macho kwenye daftari lake, na kwa wiki mbili baadaye sikuuona mkono wake ukiinuka.

Jumamosi iliyofuata nilinunua maji kama kawaida yangu. Nilipokuwa nikimimina, maneno ya yule msichana yalinirudia. Nikaacha nusu ya maji mtungini, nikaenda nyuma ya nyumba mahali pasipo watu, nikashika mpini wa mtungi kwa mkono wa kulia na kujaribu kuunyosha mkono mbele yangu kama mpanda farasi anayemwelekea adui. Nilihesabu moja, mbili, tatu, sikufika tano. Bega liliwaka moto, mtungi ukaniponyoka, na maji yakaniloweka toka magotini hadi viatuni. Kumbe mtoto wa jirani alikuwa akinitazama. Akauliza, "Mwalimu, unafanya nini?" Nikamjibu, "Ninajifunza historia."

Siku ile ile niliingia maktaba mjini. Nilisoma habari za panga zilizohifadhiwa na kupimwa na wajuzi, na kila ukurasa ulikuwa shahidi wa yule msichana. Upanga wa wapanda farasi wazito wa Uingereza, uliotolewa mwaka 1796 na kutumika katika vita vya Waterloo tarehe 18 Juni 1815, ulikuwa na bapa lililonyoka, lenye urefu wa sentimita 89 hivi, na uzito wake ulikuwa kilo moja na kidogo. Maadui zao, wapanda farasi wa Ufaransa waliovaa deraya za chuma vifuani, walikuwa na upanga mrefu zaidi. Bapa lake lilikaribia sentimita 97, walakini uzito wake haukufika kilo moja na nusu. Hata upanga wa wapanda farasi wa Uingereza wa mwaka 1908, uliotengenezwa kwa ajili ya kuchoma tu wala si kukata, haukufika kilo moja na nusu. Pakiti ya unga wa ugali tunayonunua dukani ina kilo 2. Basi mama arudiye nyumbani na pakiti moja ya unga amebeba chuma cha askari wa Waterloo na zaidi.

Nilijiuliza, ikiwa upanga wenyewe ulikuwa mwepesi hivyo, kwa nini askari wale waliitwa wazito? Jibu ni kwamba jina lile lilitokana na farasi wao wakubwa, na wanaume wenye miili mikubwa waliochaguliwa kuwapanda, na katika majeshi mengine deraya walizovaa. Kazi yao ilikuwa kuiendea safu ya adui kwa pamoja na kuivunja. Farasi mkubwa ana kilo 500 au zaidi, na akienda mbio, nguvu zake zote huwa nyuma ya ncha ya upanga. Mpanda farasi hakuhitaji chuma kizito, maana mnyama aliyemkalia alikuwa uzito wa kumtosha. Alichohitaji ni urefu wa kupita shingo ya farasi wake na kumfikia adui aliye juu ya farasi mwingine, au kumfikia askari wa miguu aliye chini. Tena alihitaji wepesi, kwa kuwa mkono uliochoka hauwezi kujikinga, na siku ya vita ni ndefu.

Msomaji akitaka kuamini hayo kwa macho, na aende barabara ya Ngong, kwenye uwanja wa mashindano ya farasi uliofunguliwa mwaka 1954, si mbali na kwetu. Asimame karibu na uzio farasi wapitapo. Ataona wapandaji wadogo wenye miili myembamba, hawana silaha, wameshika hatamu tu. Walakini ardhi hutetemeka chini ya miguu yake. Hapo atafahamu mahali uzito ulipokuwa.

Baada ya kusoma nilitaka kuwapelekea wanafunzi kitu cha kushika mkononi, maana neno lililoingia kwa jicho na kiganja halitoki upesi. Nikaenda kwa mfua chuma mmoja wa Kawangware, mzee ninayemfahamu tangu utotoni. Baada ya kumwamkia nikamwambia, "Mzee, nataka unitengenezee upanga."

Alikuwa akigeuza chuma motoni. Akaacha. Akaniuliza, "Wa nini, mwalimu?"

"Wa kufundishia."

Akatikisa kichwa. "Mimi hutengeneza majiko, masanduku ya shule na milango. Panga la kufyekea nyasi nitalinoa. Upanga sitengenezi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walinijia usiku, wamebeba vyuma, wakaniambia, 'Mzee, tunolee.' Nilichukua ndoo ya maji nikaimwaga juu ya makaa. Moto ukafa. Nilikaa siku tisa bila kuuwasha, na watoto wangu walikunywa uji. Wewe umesoma, mwanangu. Usiniwashie moto ule kwa ajili ya mchezo."

Niliona haya kwa mara ya pili. Akanitazama kitambo, kisha akatabasamu. "Nitakukatia chuma bapa, kisicho na makali wala ncha, nikizungushie kitambaa upande mmoja pa kushikia. Kitakuwa kipimo. Silaha hakitakuwa."

Alipokuwa akikata, mimi nilikumbuka siku zile zile alizozitaja. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kwetu kulikuwa hapo hapo Kawangware. Jioni moja sauti ilipita vichochoroni, "Wanakuja! Watu mia tano! Wana panga ndefu kama milingoti!" Kila mlango uliopokea sauti ile uliiongeza kidogo kabla ya kuipeleka mlango wa pili. Watu walikimbia na watoto mgongoni. Bibi mmoja jirani yetu alianguka mtaroni akavunjika mkono. Na kabla ya alfajiri vijana wa upande wetu walikuwa wamechoma kibanda cha muuza makaa, kwa sababu lugha ya mama yake ilikuwa lugha ya hao waliosemwa kuwa wanakuja. Asubuhi tulipata ukweli. Walikuwa watu wanane, wamebeba sururu na sepetu, wametoka kutengeneza bomba la maji lililopasuka. Hapakuwa na upanga hata mmoja. Kibanda kilikuwa majivu, na mwenye kibanda hakurudi tena. Hata leo nipitapo mahali pale hujiuliza, laiti mtu mmoja angalisimama akasema, "Ngojeni tuhesabu."

Basi nikiwa mbele ya tanuri nilitambua kwamba kosa nililolifanya darasani lilikuwa la ukoo mmoja na kosa la usiku ule. Mimi niliongeza kilo tisa juu ya upanga kwa kutaka kushangaza, na wengine waliongeza watu mia nne tisini na wawili juu ya wanane kwa hofu. Aliyetaka kupima katika darasa langu nilimwambia aketi.

Mzee alipomaliza, chuma kilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 3, na unene wa milimita 6. Tulivuka barabara tukakiweka juu ya mzani wa muuza nyama, na mzani ukasema kilo moja na robo na ushei. Muuza nyama alicheka akauliza kama ni mbavu za mnyama gani.

Jumatatu niliingia darasani nikiwa nimekishika. Kabla ya kuandika lolote ubaoni nilisema, "Wiki mbili zilizopita niliwaambia kwamba upanga wa mpanda farasi ulikuwa na kilo 10. Nilikosea. Mwenzenu alisema kweli, nami kwa kukosa jibu nilimwaibisha. Nilimkosea mbele yenu, kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu." Darasa lilinyamaza. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini nawaambia kweli, wasomaji wangu, maneno yale machache yalikuwa mazito mdomoni kuliko nusu ya mtungi mkononi.

Kisha tulipiga hesabu pamoja. Sentimita 90 mara 3 mara 0.6 ni sentimita za ujazo 162. Kila sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.85 hivi. Jumla ni gramu 1,272 hivi, sawa na mzani wa muuza nyama. Nikawauliza, chuma cha urefu huu na upana huu kingekuwa na unene gani ili kifike kilo 10? Walikokotoa, na jibu likatoka: karibu sentimita 5. Mvulana mmoja akasema kwamba hicho si upanga, ni mwimo wa mlango, na safari hii tulicheka sote bila kumcheka mtu.

Nikamwita yule msichana ashike chuma kwanza. Alikinyosha mbele yake kwa mkono mmoja, akasema, "Hiki ninaweza." Lakini baada ya muda mkono ulianza kutetemeka. Wakajaribu wavulana, mmoja baada ya mwingine, na wenye misuli walijigamba kabla ya kushika. Hakuna aliyefika dakika mbili. Hapo walifahamu wenyewe kwa nini watengenezaji wa panga, kwa muda wa miaka mingi na katika nchi mbalimbali, hawakuthubutu kuongeza hata nusu kilo pasipo sababu. Kipimo cha upanga kilikuwa mkono wa mtu, na mkono wa mtu wa Waterloo haukuwa tofauti sana na mkono wa mtu wa Kibera.

Jioni msichana akaniambia kwamba babu yake amesikia habari na anataka kuniona. Nilikwenda Makina kwa hofu kidogo. Mzee alikuwa barazani, amevaa kofia nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti."

Hakunikemea. Aliniambia kwamba babu yake alikuwa mmoja wa askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na kwamba askari wale walipewa makao katika mwitu huu, wakauita Kibra, neno lenye maana ya msitu kwa Kinubi. "Babu yangu alishika bunduki," alisema, "lakini alimsimulia baba yangu habari za panga za Sudan." Aliutaja upanga uitwao kaskara, wenye bapa lililonyoka, makali pande mbili, na mpini wa umbo la msalaba, ambao wapanda farasi wa huko waliuchukua vitani. Nikamwuliza urefu wake. Hakusema "mrefu sana." Aligeuza uso kando, akanyosha mkono, akanionyesha toka ncha ya pua yake hadi ncha ya kidole, kama wauza nguo wa zamani walivyopima kitambaa. "Hivi," akasema, "na kidogo cha mpini." Nami najua kwamba kaskara ina urefu wa mita moja hivi. Mzee asiye na rula alikuwa amepima sawasawa kuliko mwalimu mwenye cheti.

Kisha akaongeza, "Kupima ni heshima, mwalimu. Ardhi hii hapo mwanzo ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Sisi wajukuu tulikaa miaka na miaka tukiambiwa kwa mdomo kwamba ni yetu, na wengine wakiambiwa kwa mdomo kwamba si yetu. Mwaka 2017 tulipewa hati ya ekari 288. Ni chache, lakini zimeandikwa, na jirani yangu anajua mwisho wangu nami najua mwisho wake." Akaniaga kwa kunishika mkono, na akaniomba nisichoke kumjibu mjukuu wake.

Chuma kile sasa kimetundikwa ukutani mwa darasa letu. Kila mwaka wanafunzi wapya hukitazama kabla ya kukigusa, nami huwauliza wakisie uzito wake. Wengi husema kilo 4, wengine 5, na mmoja alipata kusema 8. Siwasahihishi. Huwapa mzani.

Nanyi mnaosoma kurasa hizi, mtasikia mengi katika maisha yenu: ukubwa wa adui, wingi wa wageni, utajiri wa jirani, ubaya wa kabila fulani. Mambo hayo yatawafikia yakiwa yameongezwa mlango hadi mlango. Kabla ya kukimbia au kuchukua jiwe, ulizeni urefu wake, ulizeni uzito wake, ulizeni ni nani aliyehesabu. Na akitokea mmoja kati yenu ainuaye mkono kuuliza, msimcheke, hata kama mwalimu amemwambia aketi.